Vichupa Viwili vya Jina Moja

Inspekta hakukaa. Daktari bingwa wa damu alimwonyesha kiti mara mbili, na mara zote mbili alijifanya hakuona, akaendelea kuzunguka kile chumba kidogo cha maabara akisoma maandishi kwenye milango ya majokofu, utadhani mojawapo lingeungama. Polisini walimwita Kupe nyuma ya mgongo wake, kwa kuwa jalada akishaling'ata haliachii. Alilijua jina hilo, na kusema kweli lilimpendeza.

"Leo saa tisa alasiri jalada linaondoka mikononi mwangu," alisema. "Kesho asubuhi mzee wa watu anasimamishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Kama una la kunisaidia liseme sasa, maana baada ya hapo nitabaki mtazamaji tu."

"Kaa basi nikueleze."

"Eleza. Nasikia hata nikisimama."

Daktari alishusha pumzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyezoea kuzungumza na damu kuliko na polisi. Alifungua kisanduku cha barafu akatoa vichupa viwili vya damu vyenye vizibo vya zambarau, akavisimamisha mezani. Vyote viwili vilibandikwa jina moja la mwanamke, namba moja ya kitanda, tarehe moja. Kilichotofautiana ni saa tu. Cha kwanza kiliandikwa saa nne kasorobo asubuhi, cha pili saa tano na dakika kumi.

Kisa chenyewe kilionekana chepesi, na wepesi huo ndio uliomkera Inspekta tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa miaka thelathini na minne alilazwa akivuja damu baada ya mimba kuharibika, mimba yake ya tano. Akaandikiwa kuongezewa damu. Mtaalamu wa maabara, mzee aliyebakiza miezi miwili kustaafu, akapima, akatoa mfuko. Hata robo ya mfuko haijaingia, mgonjwa akaanza kutetemeka na kulia kiuno, mkojo ukawa mwekundu, na kabla jua halijatua akawa marehemu. Ndugu wakalalamika. Hospitali nayo ikanawa mikono upesi: mzee amechoka, macho hayaoni, kachanganya mifuko. Hii ilikuwa siku ya ishirini na moja mzee yuko mahabusu.

"Mifuko haikuchanganywa," alisema Daktari. "Mfuko ulikuwa kundi O, na marehemu alikuwa O."

"Hilo nalijua. Na jokofu lilikuwa na baridi yake, na umeme haukukatika, nimeikagua karatasi ya joto kwa macho yangu. Nipe jipya."

"Jipya ni hili. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando. Katika utando huo kuna mafuta, na juu ya mafuta hayo zimeshikizwa sukari, moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Unanifuata?"

"Nakufuata, lakini ongeza mwendo."

"Kuna jeni moja, sisi tunaiita A4GALT. Hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya fulani. Kimeng'enya hicho ni kibarua wa kazi moja tu: anachukua shanga moja ya sukari na kuipachika kwenye ncha ya uzi. Mimi ninaye kibarua huyo, wewe unaye, karibu watu wote wanaye. Marehemu hakuwa naye."

Inspekta alisimama katikati ya chumba. "Mtu amekufa kwa kukosa punje ya sukari?"

"Aliishi bila hiyo punje miaka thelathini na minne, wala hakujua. Tatizo ni kwamba mwili wake haukuwahi kuiona, kwa hiyo uliihesabu kuwa adui. Ukaiwekea askari tangu utotoni. Damu ya mtu mwingine ikiingia, hata iwe O safi namna gani, askari wanaivamia na kuipasua. Hata zile mimba..." Daktari alisita. "Kondo la nyuma, hata likiwa changa, nalo lina sukari hiyo. Askari hawabagui."

"Zote tano?"

"Siwezi kuapa kwa zote. Ila sishangai."

Inspekta alitazama pembeni kidogo. Kisha akakigusa kichupa cha kwanza kwa ncha ya kalamu. "Mzee angeweza kuyajua haya?"

"Jina la jeni asingelijua. Lakini kabla ya kutoa mfuko ni lazima damu ya mgonjwa ilinganishwe na damu ya mfuko. Nimekilinganisha hiki cha kwanza na mifuko kumi na miwili. Yote imegandana vinundu, hata bila darubini unaona. Nikaisoma jeni yenyewe. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Zake zote mbili zimeharibika, tena pahala pamoja."

"Na hiki cha pili?"

"Nimekilinganisha na mifuko ileile kumi na miwili. Hakuna hata mmoja ulioganda."

Jokofu likanguruma, likanyamaza.

"Hiki cha pili kina sukari," Daktari aliendelea. "Kibarua yupo kazini. Bado naisoma jeni yake herufi kwa herufi, nikimaliza nitakupigia. Lakini la msingi nakuambia sasa hivi: jina ni moja, watu ni wawili. Na kwa kuwa wote ni kundi O, kipimo cha kawaida kisingeonyesha tofauti."

Hapo ndipo Inspekta alipokaa. Alikaa kama nusu dakika, akavitumbulia macho vile vichupa, kisha akainuka tena na kuokota mkoba wake. Mtu fulani alikuwa amekijaza kichupa cha pili damu isiyo ya mgonjwa, akakibandika jina la mgonjwa, na sasa ilikuwa tayari saa tatu kasorobo asubuhi.

*

Yule mzee wa maabara, wenzake kazini walimwita Mzee Matone, kwa jinsi alivyokuwa akihesabu kila tone analodondosha. Mahabusu ilikuwa imemkausha. Alitolewa akaletwa kwenye chumba cha mahojiano akipapasa ukuta, kwa kuwa miwani yake ilichukuliwa siku aliyokamatwa na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Inspekta alimtuma mtu akaitafute, akaanza bila kuisubiri.

"Mzee, nieleze siku ile tangu kichupa cha kwanza. Usiruke kitu."

"Nilishaeleza, mama."

"Najua. Aliyekuhoji mwanzo aliandika nusu ukurasa. Mimi nataka mzima."

Mzee alikohoa. "Kichupa kilifika saa nne. Nikapima kundi, O. Nikachukua mfuko wa O nikalinganisha, ukagandana. Nikachukua wa pili, ukagandana. Jokofuni nilikuwa na mifuko minane ya O. Yote minane, mama. Miaka thelathini na minane kazini sijawahi kuona jambo hilo."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri sampuli imeharibika. Labda walivuta damu kwa shida ikachafuka, labda kichupa kibovu. Hutokea. Nikapiga simu wodini nikaomba nyingine."

"Saa ngapi?"

"Saa tano na dakika nne. Daftarini imo, mimi naandika hata nikienda chooni."

"Nani alipokea?"

"Nesi. Akanijia juu. 'Mshipa wenyewe tumeutafuta zaidi ya nusu saa, unataka mwingine tuutoe wapi?' Nikamwambia sina namna, bila sampuli nzuri sitoi mfuko. Akakata."

"Na kichupa cha pili kikafika..."

"Saa tano na robo."

Inspekta aliandika zile saa tatu moja chini ya nyingine: tano na dakika nne, tano na dakika kumi, tano na robo. Akazipigia mstari. Asubuhi mshipa ulitafutwa zaidi ya nusu saa. Mara ya pili, mgonjwa akiwa amezidi kuishiwa damu, kazi yote ikachukua dakika sita.

"Hukushangaa?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilifurahi. Simu ilikuwa inalia kila baada ya dakika mbili, damu, damu, damu. Nikalinganisha kichupa kipya na mfuko wa kwanza ulionijia mkononi, ukakubali. Nikamshukuru Mungu nikautoa. Ilinipasa kuviweka vichupa vyote viwili mbele yangu nijiulize, inakuwaje mtu mmoja akawa na damu mbili ndani ya saa moja na nusu? Sikujiuliza. Hilo ni langu, mama, sikatai. Hapa ndani sina kazi nyingine ila kujiuliza."

"Kuna wanaosema ulijitoa damu yako ukaijaza kwenye kichupa ili umalize kazi mapema."

Mzee alicheka, kicheko chembamba cha mtu aliyesahau namna. "Mimi ni kundi B. Kitambulisho changu cha kazi kimeandikwa. Kama mimi ni mwongo, si ningetafuta uongo wenye akili kidogo?"

"Nani alikuletea kichupa cha pili?"

"Mwanamume mmoja, si mtumishi. Alikuwa anahema, na shati lake lilikuwa na vumbi linalong'aa."

Mlango ulifunguka, miwani ikaletwa. Mzee aliivaa, akamtazama Inspekta vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe u mdogo hivi," alisema. "Nilidhani nazungumza na mama mtu mzima."

*

Koplo aliyemwendesha alikuwa na jibu kabla gari halijatoka getini. "Mume huyo, afande. Vumbi linalong'aa ni la vioo, na mume wa marehemu ni fundi vioo. Mimba tano zimetoka, hana mtoto, lazima kuna mtu anamnong'oneza aoe mwingine. Akapewa kichupa, njiani akakibadili. Kesi imekwisha."

"Akakibadili na damu ya nani?"

"Yake."

"Alijitoa mwenyewe, akikimbia, koridoni?"

Koplo alifikiri. "Alijiandaa mapema."

"Endesha gari," alisema Inspekta. Hata hivyo hakulitupa wazo hilo. Magoti yake yalikuwa yanacheza chini ya jalada njia nzima.

Karakana ya fundi vioo ilikuwa chumba kirefu chenye meza moja iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mgane alikuwa ameinama juu ya kioo cha dirisha, anapitisha kisu chake kando ya rula. Sauti ile nyembamba ilimwingia Inspekta kwenye meno. Mgane akagonga kioo mara moja kwa chini, kikakatika sawasawa, kisha akainua kichwa. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Afande. Mmeshampeleka mahakamani?"

"Bado. Nina maswali machache. Wewe ni kundi gani la damu?"

"A. Siku ile nilitaka kumpa mke wangu yangu, wakanipima, wakasema haimwingii."

Koplo alikohoa, akageuka kutazama barabarani.

"Ni wewe uliyepeleka kichupa maabara?"

"Cha pili ni mimi. Nilikimbia nacho. Nilikifumbata ndani ya kiganja, kilikuwa bado kina joto."

"Ulisimama popote?"

"Nisimame? Mke wangu anakufa nisimame?"

"Alikupa nani?"

"Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Ni nesi wa wodi ileile, ndiyo maana tulimpeleka pale. Alitoka chumba cha manesi akanipa, akaniambia, 'Shemeji, kimbiza hiki maabara, usitembee.'"

Inspekta aliyajua hayo ya shemeji. Jina la nesi huyo ndilo lililokuwa juu kabisa ya malalamiko, na sahihi yake ndiyo iliyomtia Mzee Matone ndani. Hakuna siku iliyopita asipige simu kituoni kuuliza kesi imefika wapi.

"Nieleze walivyomtoa damu mkeo."

Mgane aliweka kisu chini. "Walimchoma mkono wa kushoto. Wakakosa. Wakachoma tena, wakakosa. Mara ya tatu hivyohivyo. Ya nne ndiyo damu ikaja, kidogokidogo. Alilia, afande. Mtu mzima yule, hakuwa mtu wa kulia. Akasema, 'Msinichome tena.' Nikaushika mkono huo nikamwambia hawakuchomi tena."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili gani?"

"Walipomtoa damu tena. Saa tano na kitu."

Mgane alimtazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. "Hawakumtoa tena. Tangu pale sikuuachia mkono wake mpaka nilipotumwa maabara. Ningejua."

"Mkono wa kulia?"

"Ulikuwa na dripu. Hakuna aliyeugusa."

Koplo aligeuka taratibu kutoka barabarani. Inspekta alimkata jicho, naye akafunga mdomo aliokuwa ameshaufungua.

"Kwani kuna nini?" aliuliza mgane.

"Nitakueleza nikiwa na uhakika. Saa nane njoo kituoni pamoja na shemeji yako."

Garini alilifungua jalada kwenye ripoti ya uchunguzi wa maiti. Alikuwa ameisoma mara saba, na mara zote saba aliupita mstari huo: alama nne za sindano mkono wa kushoto, moja ya dripu mkono wa kulia. Nne za asubuhi. Hapakuwa na ya tano.

"Basi ni mmoja wa manesi," alisema Koplo. "Zamu ile walikuwa watatu. Yeyote angeweza kujidunga akampa huyo shemeji mtu kichupa bila yeye kujua."

"Ndiyo. Na kila mmoja akikana, sina kitu."

Simu ililia. Daktari hakusalimia. "Nimemaliza cha pili. Nakala moja nzima, nakala moja imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

"Palepale, herufi ileile iliyoharibika kwa marehemu. Unaelewa maana yake? Ubovu huu ni adimu sana. Mwenye nakala moja haumwi wala hajui, kwa kuwa ile nzima inamtosha. Lakini nakala mbovu ya namna hiyo mtu huipata kwa mzazi."

"Kwa hiyo mwenye kichupa cha pili..."

"Mimi mtu wa sayansi, sipendi kuapa. Lakini hapa naapa. Ni ndugu wa damu wa marehemu. Mzazi, au wa tumbo moja."

Inspekta alikata simu. Baba wa marehemu alishafariki miaka mingi. Mama alikuwa kitandani, amepooza, mji mwingine kabisa. Na walizaliwa wawili tu.

Koplo alikuwa amesikia. "Haiwezekani, afande. Yeye ndiye mlalamikaji! Mtu anajipeleka polisi mwenyewe?"

"Anajipeleka," alisema Inspekta, "kama hajui alichofanya."

*

Saa nane na dakika tano waliingia wote wawili. Mgane aliachwa kwenye benchi la koridoni. Nesi aliingia ofisini akiwa na sare yake ya kazini na kalamu mbili mfukoni, akakaa kabla hajaambiwa. Alikuwa mwanamke mkakamavu wa miaka thelathini hivi, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Amekiri?" aliuliza.

"Kabla ya yote, nataka ujue kwamba leo sikuhoji kama mlalamikaji. Si lazima ujibu, na utakachosema naandika."

"Mimi sina cha kuficha. Uliza."

"Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi ni rahisi kumpata mshipa?"

"Ni taabu. Mishipa inalala. Dada yangu tulimhangaikia zaidi ya nusu saa."

"Kichupa cha kwanza hicho. Cha pili je?"

"Cha pili kilitoka upesi."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Ulichoma mara ngapi?"

"Mara moja."

Inspekta alimgeuzia ripoti, akamwekea kidole kwenye mstari. "Nne na moja ni tano, lakini hapa ziko nne tu za kushoto, na nne hizo shemeji yako alizishuhudia zote asubuhi. Anasema baada ya hapo mkono wa mkewe haukutoka mkononi mwake. Nani anadanganya, yeye au maiti?"

Ilisikika taipureta ya chumba cha pili, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wala hakuna haja ya kudanganya," Nesi alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, karibu majivuno. "Nilitoa yangu. Niliingia chumba cha manesi nikajifunga mpira kwa meno, nikajitoa. Ulitaka nifanyeje? Alikuwa ananitazama. Dada yangu aliyenilea mama alipokuwa kazini, ananitazama, ananiambia, 'Mdogo wangu, sitaki tena.' Na yule mzee anapiga simu anataka sampuli nyingine eti ya kwanza imeharibika. Ilikuwa ya kulinganisha tu. Mimi O, yeye O, baba mmoja, mama mmoja. Nikampa mzee iliyo safi."

"Ukaandika jina la nani?"

"La dada. Si ilikuwa kwa ajili yake?"

"Na mwenzako yeyote hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ilikuwa dakika moja. Nilishasahau mimi." Aliinama mbele. "Lakini hilo halimwondolei mzee kosa. Yeye ndiye aliyetoa mfuko mbaya. Mimi nilitoa vijiko viwili vya damu ambavyo hata havikuingia mwilini mwake."

Inspekta alimwonea huruma, tena sana, na huruma yenyewe ilimkasirisha kwa kuwa muda ulikuwa unakimbia. Alivuta karatasi ya Daktari akaiweka katikati ya meza.

"Sampuli ya kwanza haikuwa imeharibika," alisema. "Mzee aliilinganisha na mifuko minane. Yote ilikataa. Dada yako alizaliwa na jeni ambayo..."

Hakumaliza. Nesi alikuwa ameshaisoma ile karatasi, kwa kasi ya mtu aliyezoea kusoma karatasi za wagonjwa, na Inspekta aliona damu ikiutoka uso wake. Alisoma mstari wa marehemu. Akashuka mstari wa kichupa cha pili. Midomo yake ikatamka kimyakimya: nakala moja. Kisha akarudi juu tena.

"Minane yote," alisema.

"Minane yote."

"Damu yake ilikuwa inakataa. Mimi nikamjibia ndiyo."

Inspekta aliliandika neno hilo.

"Zile mimba..." Nesi aligusa karatasi. "Tulimpeleka kila mahali. Walisema anakunywa dawa kwa siri. Mimi mwenyewe, Inspekta, mimi siku moja nilimuuliza. Nilimuuliza dada yangu kama anazitoa." Alijifunika mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo, mabega yakimtetemeka bila sauti.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika ishirini na tano. Inspekta alimpa maji. Alimwacha anywe nusu.

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi," alisema. "Yakifika kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa tisa, mzee hapandi kizimbani kesho. Yakichelewa, anapanda. Unaweza kusubiri wakili, ni haki yako, sikulazimishi."

"Nipe karatasi."

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa wodini, saa na dakika kwa kila jambo. Hakujitetea pahala popote. Aliandika hata ule mpira wa kufungia mkono na droo alikoutoa. Alipofika mwisho aliinua kalamu.

"Nisingefanya vile, angepona?"

"Nilimuuliza Daktari. Anasema damu ya kumfaa ingetafutwa mbali, kwa watu wachache mno. Pengine ingefika, pengine isingefika. Hajui."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Angeweza kufa. Lakini si kwa ule mfuko."

Nesi alitikisa kichwa kukubali, akatia sahihi. Inspekta aliichukua karatasi, akaisoma mara moja, akainua simu ya mezani. "Ndiyo, jalada la hospitali. Nabadilisha mtuhumiwa. Hapana, si kosa la kuua kwa makusudi, uzembe, utayasoma mwenyewe, naleta sasa hivi. Na yule mzee nataka atoke leo, si kesho. Leo." Akakata, akamkabidhi Koplo jalada mlangoni. "Kimbia. Na hapa ninasema kukimbia, si kuendesha gari. Foleni imefunga."

Koplo akaondoka mbio. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Inspekta alirudi mezani. Sheria ilimtaka amtie Nesi chini ya ulinzi saa hiyo hiyo, na tayari askari wa kike alikuwa amesimama nje ya mlango anasubiri amri.

"Yeye bado hajui?" Nesi aliuliza, akiuelekeza uso koridoni.

"Sijamwambia."

"Naomba nimwambie mimi. Asiyasikie kwa mtu mwingine."

Inspekta alifikiri kidogo, akamwashiria askari asogee kando. Nesi alisimama, akanyoosha sare yake, akatoka. Mlango ulibaki wazi.

Mgane alikuwa ameinama kwenye benchi, viwiko juu ya magoti. Alipomwona aliinua kichwa haraka, akauondoa mfuko wake wa vifaa, akasogea, na kwa pindo la shati akapangusa vumbi la vioo pale alipotaka Nesi akae.

"Kaa kwanza, shemeji," alisema. "Umechoka sana wewe."